Kapteni Chini ya Meza Yangu

Mdomo wangu umenisumbua tangu utotoni, lakini mara moja tu ulikaribia kuniulia mume. Nasema waziwazi, maana wapo watu Busia ambao mpaka leo husema ile ilikuwa bahati mbaya. Bahati gani? Ni mimi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka, hatua chache tu kutoka kizuizi cha mpaka, na mume wangu alibeba watu kwa baiskeli. Kutoka kizuizi chetu mpaka kile cha Uganda kulikuwa na kipande cha barabara ambacho msafiri alipaswa kutembea na mizigo yake kichwani. Wenye baiskeli walisimama hapo wakiita boda, boda, na asiyetaka kutembea alipanda kwenye karia. Mume wangu alikuwa akienda na kurudi hivyo kutwa nzima, na mimi kila nikiinua macho kutoka kwenye sindano namwona ama anakwenda ama anarudi.

Hoteli moja mjini ilikuwa na televisheni, ile ya chenga nyingi kuliko picha. Kila Alhamisi jioni walionyesha mchezo wa kuendelea wa mambo ya miaka ya sitini: uhuru umekuja juzi, bendera bado inanukia upya, machifu wa zamani wananyang'anywa viti na askari wanaasi kambini. Shujaa wake alikuwa Kapteni mmoja aliyekataa kuwaamuru askari wake wapige wananchi risasi, akawa anasakwa nchi nzima. Sisi wake za watu hatukuingia hoteli ya pombe, labda uwe unataka kuongelewa mpaka Nambale. Kwa hivyo mume wangu ndiye aliyekuwa macho yetu. Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda mpakani, alikaa kwenye baraza akatusimulia, mimi na jirani yangu muuza samaki, pamoja na mteja yeyote aliyekuwepo.

Na alijua kusimulia, huyo mtu. Hakusema mchezo ulikuwa hivi na vile. Alisema Kapteni jana amelala kwa mjane, paja limevimba, homa imempanda. Muuza samaki alitaka kwanza aambiwe wanawake walivaa nini. Akiambiwa magauni marefu anabisha, kwamba hao waliotengeneza mchezo hawajui lolote, yeye mwenyewe mwaka wa sitini na ngapi alifukuzwa kanisani kwa ajili ya kigauni kifupi. Mimi magauni niliyashona kila siku, hayakunihusu. Mimi nilimpenda Kapteni. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, sina usingizi, na usiku nilimwombea yule mtu kabisa, kwa magoti.

Ijumaa moja tulibishana Kapteni afichwe wapi, maana kwa mjane palishajulikana. Muuza samaki alisema apelekwe kanisani. Mimi nikamcheka. Nikasema kwa sauti, maana sauti yangu haina kipimo, kwamba ningemficha hapa hapa kwangu, chini ya meza ya kukatia, nimfunike na vitambaa, halafu Jumatatu mume wangu ampakie kwenye karia kama mgonjwa na kumpeleka kwa dada yangu kule Marachi. Mume wangu akasema baiskeli iko tayari. Tukacheka wote.

Kwenye benchi alikuwa amekaa mteja mgeni, aliyeleta suruali ya kupunguza urefu. Mtu wa ng'ambo, upande wa Uganda, nilijua kwa vile alivyoniita nyabo, yaani mama. Mpole, kiatu safi, hakucheka wala hakununa. Jumamosi alirudi kuchukua suruali yake, akalipa, akaikunja vizuri. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nyabo, Kapteni amelala salama?"

Nikafurahi. Nikajiambia, kumbe na huyu mwenzetu. Nikamjibu, "Salama kabisa. Ni Jumatatu tu tunangoja."

Mungu wangu. Siku hizo kule ng'ambo watu walikuwa wanapotea. Mtu anaingizwa kwenye buti ya gari mchana kweupe, na wanaomjua wanageuza uso. Maofisa wa jeshi lao nao walikuwa wakitoroka kuja upande wetu, tulisikia hivyo sokoni kila wiki. Nilijua haya yote, na sikuyaunganisha.

Jumatatu saa nne hivi niliinua macho kutoka kwenye sindano, nikaona baiskeli ya mume wangu inasukumwa na mwenzake. Nikangoja nimwone mwenyewe nyuma yake, hakuwepo. Yule mwenzake hakutaka kunitazama. Alisema mume wangu alibeba abiria mmoja wa viatu safi, wakafika ng'ambo, abiria akashuka, na wanaume wawili wakamshika mume wangu mikono na kumwingiza ofisini.

Sikulia. Nilivaa kitenge juu ya tumbo nikaenda. Muuza samaki alinishika mkono akanisihi ningoje, twende kwa chifu, twende kwa padri. Nilimwambia kama hataki kuja aniachie mkono. Alikuja mpaka kizuizini, na hapo akarudi nyuma. Simlaumu.

Askari wa ng'ambo walinipeleka chumba chenye meza na kiti kimoja. Yule mteja wangu wa Jumamosi ndiye aliyekuwa amekikalia. Alikuwa amevaa ile suruali, na nikaona mshono wangu pale chini. Mtoto tumboni alikuwa ametulia tuli, hachezi.

"Kapteni yuko wapi, nyabo?"

Nilimweleza ni wa televisheni, bwana mkubwa, ni mchezo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema basi nimsimulie huo mchezo tangu mwanzo, maana mume wangu naye, chumba cha pili, anausimulia. Nikaona tumepona, kwa sababu hadithi nilikuwa naijua yote. Nikamwambia kila kitu: risasi ya paja, mjane, homa, ghala la mahindi, jinsi alivyovushwa mto ndani ya jeneza tupu. Aliandika, akatoka. Sikusikia kelele kutoka chumba cha pili. Hakuna hata mtu aliyekohoa.

Aliporudi aliweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Mume wako anasema Kapteni alipigwa risasi darajani, akafa. Wiki ya pili tu ya mchezo. Wewe unasema yuko hai. Nani anadanganya?"

Nilipaswa kufikiri. Mtu mwenye akili angefikiri. Mimi nilisikia neno moja tu.

"Amekufa?" nikamwuliza.

Nikaanza kulia. Naona haya kusema, lakini nililia kama nimefiwa, nikiwa mbele ya mtu ambaye angeweza kutuzika wote jioni hiyo. Halafu hasira ikanipanda. Nikasema huyo mume wangu ni mwongo, wiki zote hizi nimepiga magoti nikimwombea maiti, mleteni hapa aniambie mwenyewe.

Yule mtu alinitazama. Akatazama tumbo. Akamwita askari, na mume wangu akaletwa. Mdomo ulikuwa umepasuka na mkono mmoja alikuwa ameubana kifuani. Akaulizwa kwa nini alimdanganya mkewe.

"Kwetu mwenye mimba haletewi habari ya kifo," akasema. "Angeniuliza kila Ijumaa Kapteni yuko wapi. Ningemwambia nini?"

Hata wanaume wenzake pale hotelini walijua, wakamlindia siri. Yule mtu akazikunja karatasi zote mbili pamoja, akazitia mfukoni mwa suruali niliyompunguzia, akatuambia twende zetu.

Tulitembea kile kipande cha barabara polepole, mimi nikimshikilia mume wangu kwa upande wa mkono mzima. Watu waliokuwa wakimsalimu kila siku walitupisha njia tu. Nilitaka kumwambia ni mimi, ni mdomo wangu, nisamehe. Nilimwambia baadaye, mara nyingi. Kila mara alijibu kwamba yameisha.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mkono wa mume wangu ulipona, akarudi kwenye baiskeli, na Alhamisi aliendelea kwenda hotelini na wenzake. Ijumaa asubuhi nilimwekea kiti kwenye baraza, nikampa chai, nikamwuliza jana kulikuwa na nini. Alikunywa chai akitazama barabara, akaangalia ni nani aliyekaa kwenye benchi, akasema hakuna kitu.