Shikamoo ya Meneja

Ukumbi ule wa kabaree katikati ya Toronto ulianza kama sinema ya picha zisizo na sauti, ukaja kuwa wa waimbaji, wachekeshaji na wacheza dansi waliovaa manyoya. Watalii walishushwa na mabasi mlangoni. Meneja ndiye aliyewatembeza, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, historia alijua kuisimulia.

Mimi niliimba pale misimu mitatu. Picha yangu ilitundikwa kwenye korido, pamoja na wenzangu waliotangulia. Sauti iliponikauka nikahamishiwa kushona mavazi, na ukuta ulipopakwa rangi picha haikurudi. Nilipouliza, meneja aliniambia watalii wanataka historia yenyewe, si kila aliyepita. Niliumia, na sikunuia kumsamehe.

Mwaka uliofuata alitaka kuwapokea wageni kwa salamu za lugha mbalimbali. Akaja chumba cha kushonea. "Kwenu mnasalimianaje?"

Nikamfundisha shikamoo. Sikumwambia kwamba ni mdogo anayemwamkia mkubwa.

Tangu hapo meneja, mzee mwenye mvi kichwa kizima, aliniletea watalii hadi mlango wa chumba cha kushonea na kuwaongoza wote kwa pamoja: "Shikamoo!" Nami, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, pini mdomoni, niliitikia taratibu kama bibi kizee: "Marahaba, wajukuu zangu." Ilikuwa tamu kuliko mshahara.

Halafu mama yangu akaja kunitembelea Flemingdon Park, mtaa nilikoishi, nikampeleka ukumbini. Meneja akasimulia historia yote, miaka yangu akairuka. Mwisho akanigeukia, akainama, akaniamkia.

Mama akanifinya mkono. "Mtu mzima huyu anakuamkia wewe? Huna adabu?"

"Aliiondoa picha yangu ukutani, mama. Anasema mimi si historia."

Mama akajifunga kanga vizuri, akasogea hadi mbele ya meneja, akasimama kusubiri haki yake ya kuamkiwa.

"Shikamoo," akasema meneja.

"Marahaba. Picha ya mwanangu umeiweka wapi?"

Meneja akatabasamu, hajaelewa hata neno. Akaniuliza kwa Kiingereza mama amesema nini.

Miezi yote ile nilikuwa nimecheka peke yangu. Sasa nilimtazama mama, alikuwa bado anangoja jibu, na kicheko hakikuja. Nikamtafsiria meneja, neno kwa neno, mbele ya watalii wake. Kisha nikamweleza na maana ya shikamoo.