Pampu Iliyosahau Kuhesabu

Msusi huyu hajawahi kukaa darasa la kompyuta hata siku moja. Alijifunza kuandika programu kwa video za kwenye simu, mikono ikiwa kichwani kwa mteja, sikio likiwa kwa mwalimu asiyemjua. Wateja walimtania, "Dada, nywele zimekuchosha?" Akajibu kinachomchosha ni kumwona mama mkwe wake akikimbilia uani na magoti yale mabovu kwenda kuzima pampu.

Hiyo pampu ndiyo habari yenyewe. Nyumba yao ina tangi moja la maji uani na jingine darini, juu kabisa ya chumba cha mama mkwe. Mabomba yote yalifungwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi bomba. Msusi akasema atamalizia yeye: bodi ndogo yenye chipu, saizi ya kiberiti, ambayo ingewasha pampu maji ya juu yakipungua, ihesabu dakika kumi, izime.

Kuhesabu kunataka kigeu. Jina lisikutishe. Kigeu ni kama kikopo ulichokipa jina. Unaweka namba ndani, na namba hiyo unaweza kuibadilisha. Cha kwake alikiita dakika. Kinaanza na sifuri, kila dakika ikipita anaongeza moja, ikifika kumi pampu inazimwa. Ila chipu husoma maagizo juu mpaka chini, ikimaliza inarudi juu, hivyo hivyo bila kuchoka. Mstari wa kuweka sifuri ulitakiwa ukae nje ya mzunguko huo, usomwe mara moja tu kila pampu inapowaka. Yeye aliuweka ndani. Basi chipu ikahesabu moja, ikarudi juu, ikaambiwa sifuri. Ikahesabu moja tena, ikarudi juu, sifuri. Kumi ingeiona wapi?

Siku ya kuifunga, pampu ilipounguruma bila kuguswa, nyumba nzima ilipiga makofi. Msusi naye akapiga, akabeba mkoba, akaenda saluni. Kuwaka aliona. Kuzima hakungoja aone.

Mchana maji yakapasua dari ya mama mkwe. Godoro, nguo, pazia, vyote chapachapa. Mama akawahi kuzima umeme, kisha akampigia simu fundi bomba.

"Nimekuzaa mwenyewe, bado unanifungia mabomba kama adui yako?"

"Mama, viungo nilivibana kwa mkono wangu."

"Basi maji yamepita wapi, kwenye maombi yangu?"

Msusi alirudi akakuta zogo, akashika dekio, akakausha. Ukweli wa Mungu, wakati huo hakujua. Alijua jioni alipofungua kompyuta na macho yakagota kwenye ule mstari. Akauhamisha, akaipakia programu upya kwenye bodi, akafunga kompyuta. Nitasema kesho, alijiambia.

Hapo ndipo alipoharibu kweli. Kesho yake kabla hajafungua mdomo, shemeji alikuwa darini anakata viungo vizima na kufunga vipya. Pampu ikawaka, ikazima yenyewe, dari kavu.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Ukifanya kazi kama watu, maji yanatulia."

Yaani msusi alirekebisha kosa lake kimyakimya, na hilo rekebisho likawa ushahidi dhidi ya shemeji. Sasa angeanzaje? Akaanza kulipa kwa njia za woga. Akamfulia ovaroli. Akampelekea chai mpaka kwenye ngazi.

"Shem, wema huu wa ghafla," shemeji akacheka. "Kuna mtu kafa mnanificha?"

Akacheka naye, meno tu.

Wiki ile mkandarasi mmoja akamwita shemeji asimamie mabomba ya jengo jipya la ghorofa. Kazi aliyoiota tangu anabeba spana za wenzake. Wakiwa mezani wanakula, akasema anaikataa.

"Unaumwa?" mama akauliza.

"Siumwi. Vile viungo nilivyovikata nimevigeuza kila upande, sijaona hata ufa. Fundi asiyeona kosa lake mwenyewe akafunge ghorofa za watu?" Akachukua simu. "Nampigia sasa hivi."

Msusi akasukuma sahani yake pembeni. "Usipige, shem. Panda darini kwanza."

"Kufanya nini?"

"Panda tu. Fungua mfuniko wa tangi, uangalie."

Angeweza kusema kwa mdomo. Lakini mama mkwe angedhani anamtetea tu shemeji yake. Akarudisha ule mstari palepale pabaya, akapakia, akafungulia bomba la jikoni maji ya juu yapungue. Pampu ikawaka. Dakika kumi zikapita. Ikaendelea kuunguruma.

"Inajaa," sauti ikatoka darini. Kisha, "Inamwagika kwa juu. Viungo vikavu."

Msusi akaizima. Tone la kwanza lilishapenya, likadondoka kwenye shuka safi la mama mkwe.

"Ni mimi," akasema. "Niliiandika vibaya, ikawa haihesabu. Mabomba hayakuwa na shida."

Mama mkwe akamgeukia. "Umejua lini?"

"Jioni ile ile, mama."

Shemeji alikuwa ameshafika kwenye ngazi ya mwisho, mikono ya shati inachuruzika. "Jioni ile ile," akarudia. "Mimi nakata mabomba mazima, mama ananisema, wewe unaniletea chai."

"Nisamehe, shem."

"Kwa kukosea nisingekusema hata neno. Nani hakosei." Akajifuta mikono, akatoka uani. Wakamsikia akiongea na simu: ndiyo, mkuu, nakuja, asubuhi nitakuwa hapo. Alipopita tena sebuleni kuchukua begi lake la vifaa, alimuaga mama yake peke yake.

"Mwache," mama mkwe akasema. "Atakuita shem tena, ila si leo. Na mimi usiniulize chochote kwa sasa."

Msusi akachukua ndoo na tambara, akapanda darini.