Mashahidi Wawili na Kadi ya Kura

Nilirudi Maskati kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na sanduku moja na diploma ya umeme. Leo nna nyumba ya ghorofa mbili Ansab, na hakuna aliyenishika mkono. Hata karatasi zangu nilizimaliza asubuhi moja. Wazee wawili wa kabila letu walisimama mbele ya karani, wakashuhudia kwamba baba yangu wanamjua na babu yangu walimsikia. Nikatoka na jina refu kuliko nililoingia nalo, na tarehe ya kuzaliwa ya kukisia. Wengi tuliotoka Afrika tuliandikwa hivyo. Kwa hiyo niliamini hakuna karatasi isiyorekebishika, madhali unao mashahidi.

Mtoto wa mama yangu mdogo alizaliwa akaandikwa msichana. Nilipofika nilimkuta fundi wa magari Wattaya, kanzu imepigwa pasi, kofia kaiinamisha kidogo, wateja wakimwita akhi, ndugu yangu. Kwetu hakuna aliyelizungumza jambo lake. Mama yake alimwita mwanangu, sisi wengine tulimwita kaka, maisha yakaenda. Kitambulisho tu ndicho kilichokataa: picha yake ndani ya mtandio, na chini yake neno mwanamke.

Miaka ya elfu mbili, raia wote wazima tuliporuhusiwa kuchagua wajumbe wa Shura, baraza la nchi, alikuja kwangu.

"Kaka, nnataka na mimi nipige kura. Lakini mlango wa wanawake sipiti, na kwa wanaume wakiona kitambulisho watanirudisha."

"Niachie mimi," nikamwambia. "Mimi na diploma yangu nishindwe na karani?"

Nikawachukua wazee wale wale wawili. Garini mmoja wao akamgeukia binamu yangu, akacheka. "Huyu kaka yako nilimzeesha miaka mitatu apate kazi. Na wewe nikufanye nini?"

"Usinifanye kitu, babu. Sema unavyoniona tu."

Na mzee akasema. Alimwambia karani, kwa Kiarabu kizuri, kwamba mtoto huyu kamjua tangu anatambaa, na hajapata kumwona ila mwanamume. Mwenzake akaitikia. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka kufunga mlango, kisha akarudi kukaa.

"Ami, jina hushuhudiwa, na umri hushuhudiwa. Hili sina njia nalo."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Nikikuamini pia sina njia."

Kurudi nyumbani mimi ndiye niliyesema peke yangu. Nilikuwa nikifahamiana na watu wakubwa, nikaanza kuwataja mmoja mmoja. Binamu yangu akanikata.

"Basi, kaka. Hao wakianza kuuliza, hawatauliza la kura tu."

Kwa kweli hilo sikuwa nimelifikiria.

Siku ya uchaguzi alituendesha yeye mpaka skuli iliyokuwa kituo chetu. Wanaume walikuwa wakiingilia lango la mbele, wanawake la ubavuni. Mimi nikashuka, nikasubiri kando ya gari. Mama mdogo, aliyekaa mbele karibu naye, hakushuka.

"Nenda, mama, jua linapanda," binamu yangu akamwambia.

"Sendi. Wewe hupigi kura, na mimi mama yako sipigi."

"Maneno gani hayo?"

"Ndiyo hayo hayo."

Alikuwa na kadi yake ya kura mkobani, na kura yake alishamwahidi mgombea wa kabila letu, kama sote. Binamu yangu akazima gari. Akamgeukia.

"Mama, mimi ningemchagua yule mwalimu wa Bustan. Ndiye aliyesema habari za mahospitali."

"Yule si wetu."

"Si wetu. Lakini ndiye ningemchagua."

Mama mdogo akajifunga shela vizuri, akafungua mlango, akaenda zake lango la ubavuni. Mimi nilikuwa wa kwanza kutoka. Yeye alikawia, maana macho yake hayakuwa mazuri tena. Alipoingia garini alishusha pumzi.

"Haya, nshampa mwalimu wako. Na mjomba wako akija kuhesabu kura za kabila, mimi simo."

Binamu yangu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akawasha gari.