Kipimo Kisicho na Parafujo

Miaka ya themanini, nyumbani Ibra, nilikuwa najaza mwenyewe maganda ya risasi za bunduki yangu ya marisau, ya kuwindia kwale. Kipimo changu cha baruti kilikuwa na parafujo: ukiikaza kinapunguza, ukiilegeza kinaongeza. Kosa langu ni kufanyia kazi ile barazani, na barazani kwetu kila alasiri watu huja kunywa kahawa.

Mgeni hakatazwi kitu. Jirani alikishika kipimo, akaisokota parafujo, akasema baruti imezidi. Aliyemfuata akasema haitoshi, akaisokota kinyume. Mjomba wangu wa Nizwa, ambaye hajapata kuua hata njiwa, alisokota pande zote mbili. Baina ya mgeni na mgeni, mimi nikawa najaza.

Ijumaa nikaenda bondeni. Risasi ya kwanza ilikohoa tu, marisau yakamwagika mbele yangu kama mtama wa kuku. Ya pili ilinilaza chali, na kwale akanipita juu bila haraka.

Nilirudi na bega limevimba, nikanunua kipimo cha shaba kisichogeuzwa, kikombe kidogo tu: kikijaa kimejaa, basi. Nikakiweka barazani makusudi.

Mjomba akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku keshakichukua. Akakipindua juu chini akitafuta parafujo, asiione. Akanitazama kwa huruma. Kisha akatoa kokwa ya tende mdomoni, akaifuta vizuri, akaitumbukiza ndani ya kikombe.

"Kilikuwa kikubwa," akasema. "Sasa kimekaa sawa."