Mtega Popo na Bwana Mtaalamu

Miaka kumi na miwili mtega popo alikuwa akiwanasua popo wavuni ili wapimwe virusi vya korona, na hakuwahi hata kujikuna pua kabla ya kunawa. Mtaalamu mpya, mtu wa kujiona, alimwita "mzee wa nyavu." Asubuhi moja alimhubiria usafi nusu saa nzima. Kisha akampangusa popo kinywani kwa kijiti cha pamba, simu ikaita, akaipokea kwa glavu zilezile, akaibana shavuni na kuchekacheka na mkewe.

Mtega popo alimtazama kama nzi kwenye chai. Akamrudisha popo kwenye mfuko wake wa kitambaa, akachukua kijiti kipya na kichupa, akakibandika namba inayofuata.

"Fungua mdomo, bosi," alisema. "Foleni imekufikia."