Mwanangu Hana wa Kunywa Naye Maziwa

Mwenye gazeti amekubali kulificha jina langu, ingawa ninyi wa hapa misheni, mkisoma habari ya tumbo kubwa na matofali yaliyopinda, mtanijua tu. Mimi ni Mwarusha wa makamo, nafyatua matofali ya misheni huku chini ya mlima Meru. Mke wangu alifariki zamani, akaniachia mtoto mmoja wa kiume, sasa ana miaka kama kumi na sita. Nimemlea ndani ya ua wa misheni. Zaburi anazijua kwa moyo, ng'ombe anawaogopa. Mwarusha gani huyo! Lakini nimemfyatua mwenyewe, nimlaumu nani?

Mwezi uliopita mama yangu aliugua, nikamtuma kijana ng'ambo ya mto Themi akamwangalie. Hakuwahi kulala nje ya misheni. Huko akawakuta vijana wa umri wake wametoka jandoni, morani wapya, wamejipaka mafuta wanang'aa. Kwetu morani hanywi maziwa peke yake, lazima awepo mwenzake wa rika. Mwanangu akaketi nao, akanyoosha mkono apokee kibuyu. Mmoja akamwambia, "Wewe layoni, hujatahiriwa. Nenda kanywe na watoto wenzako!"

Akaenda kwa watoto. Akafumba macho, akaombea maziwa ile sala yetu ndefu. Alipofumbua, vitoto vimeshamaliza kibuyu. Aliponisimulia nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Tangu arudi hagusi maziwa. Nikimmiminia anasema, "Acha tu, baba." Juzi akafunguka: mvua zikianza jando linafungwa na rika limekwisha, naye atabaki bila wenzake mpaka afe. "Bibi amesema atanipeleka, ukikubali."

Nikamkumbusha neno la mchungaji: kijana atakayekwenda jandoni hatapokea tena meza ya Bwana, wala hatakaa hapa. Kisha nikamtania, "Kwani mimi si mwenzako?"

Akaniuliza, taratibu, "Na wewe baba, rika lako liko wapi?"

Rika langu lipo, ng'ambo ya mto. Tangu nibatizwe, nikipita wananisalimia vizuri, wanauliza habari za kazi, wananicheka tumbo, halafu wanaingia ndani kunywa, nami naendelea na safari. Mchungaji ananiita ndugu, lakini chakula anakula nyumbani kwake. Sijamwambia mtu kwamba ile njia ya ng'ambo huwa naipita makusudi, sina ninakokwenda.

Nikimruhusu, atafukuzwa hapa, nami nitabaki na kuta. Nikimkataza, atazeeka kama mimi, anacheka na kila mtu na hana wa kuketi naye. Leo kilele cha Meru hakionekani kwa mawingu, na kijana ananitazama tu, hajauliza tena. Jamani mliozaa, nimjibu nini mtoto huyu?