Siti Mpya ya Bwana Pasi

Kule ghalani alikokuwa karani walimwita Bwana Pasi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na shati lililokunjamana. Mashati hayo aliyapiga pasi dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Waliishi nyumba moja. Kila asubuhi karani huyu alimpakia dada yake kwenye pikipiki, akamshusha mlangoni pa kibanda cha kushonea, ndipo akaenda zake kazini. Watu waliwatazama wakasema hawa wamelelewa.

Kisha akabadilisha siti. Ile ndefu ya zamani, iliyobonyea kama godoro la kurithi, aliitoa akaweka nyembamba, nyuma imeinuka na kuinamia mbele. Ilipendeza macho. Dada, na nyonga yake mbovu, akawa anateleza na kumwegemea mgongoni.

"Dada, tulia basi. Unanikunjia shati."

Wiki iliyofuata dada alisema daktari amemshauri atembee. Karani alijua palepale kwamba si kweli, maana kwa daktari walikwenda wote. Alijua, akawasha pikipiki, akaondoka.

Msimu mzima wa mvua ukapita hivyo. Kila alipouona mwavuli wa dada umelowa mlangoni, aliisukuma sahani kando. Mwishowe akaenda kwa fundi siti, naye akamwambia hawezi kumkatia sponji mtu asiyemwona. Amlete huyo anayekaa nyuma.

Kumwomba dada aje kulikuwa sawa na kukiri. Alisimama kibandani akichezea kifungo cha shati.

"Fundi anataka akuone ukikaa."

"Anataka kuniona nikikaa, au anataka kuniona tu? Sema mapema, nivae vizuri."

Kwa fundi, dada alijaribu siti moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa laini mno. Alizama hadi akagusa chuma. Nyingine ilikuwa pana kupita kiasi, ikamtanua miguu. Alipopata iliyo tambarare, hakushuka.

"Kaa na wewe hapo mbele," alimwambia mdogo wake. Kisha akamgeukia fundi. "Mbele weka sponji ngumu. Huyu mgongo unamsumbua, usiku namsikia akijigeuza."

Karani aliangalia usukani, asijue pa kuyaficha macho.

Fundi alihitaji fremu ya ile siti nyembamba mpaka kesho yake, kwa hiyo pikipiki ilitoka pale bila siti. Karani akataka kumtafutia dada usafiri.

"Wa nini? Njia naijua."

Wakaenda, yeye anasukuma, dada anachechemea kando. Walipokaribia kwa mzee mmoja fundi viatu, kando ya njia, kabla hata ya salamu, mzee yule alitoa kigoda, akakipangusa, akakiweka kivulini. Dada akakaa kama mtu aliyefika kwake.

"Bwana Pasi," fundi viatu akasema, "leo wakubwa wamekulegezea?"

"Wakubwa gani?"

"Si kampuni imepiga marufuku kupakia watu? Dada yako ametueleza. Sisi mwanzoni tulishaanza kukusema vibaya."

Karani akafungua mdomo. Kisigino cha dada kikamkanyaga kidole.

"Wamemlegezea kidogo," dada akajibu. "Ni mtiifu sana huyu."

Fundi viatu akatikisa kichwa kwa kumsifu. Karani alibaki ameshikilia pikipiki, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na kigoda kilikuwa kimoja tu.

Walipofika mbali kidogo akauliza, "Kesho utapanda?"

"Nitapanda. Lakini hapo kwa mzee utasimama kila siku nishuke nimsalimie. Nimekalia kigoda chake mvua nzima, siwezi kumpita kama simjui."

Karani akaitikia kwa kichwa. Kila asubuhi basi, atasimamisha pikipiki pale, mzee atamsalimu kwa heshima apewayo mtu mwema, naye itambidi aitikie.